Muulize Fundi: Karakanani linawaka, njiani linagoma

SWALI: Shikamoo fundi. Nimesoma kwamba mke wa Karl Benz, yule Mjerumani aliyevumbua gari la petroli, alisafiri na gari la mumewe mwaka 1888, akawa analitengeneza njiani kwa pini ya kofia. Mwenzangu ninayejifunza naye ufundi anasema ni porojo. Anauliza, kama injini ilikuwa inawaka vizuri karakanani, gari lingeharibika vipi mara zote hizo? Tuamulie.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo mwenzako inaonekana bado hajakabidhi gari kwa mwenyewe asubuhi, jioni likarudi linavutwa kwa kamba. Mimi yamenikuta. Injini ikinguruma gari limesimama, umesikia robo tu ya maneno yake.

Mama huyo, Bertha Benz, aliondoka mji wa Mannheim, Ujerumani, alfajiri, mwezi wa Agosti, mumewe hana habari, akawachukua wanawe Eugen na Richard kwenda Pforzheim kwa mama yake. Ni kama kilomita 106. Kabla ya hapo magari yale yalikuwa yakijaribiwa kwa mizunguko mifupi tu karibu na nyumbani.

Bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini hiyo ya kofia. Waya wa moto ukachubuka, akauzungushia mkanda wa soksi. Ndivyo inavyosimuliwa, na mimi naiamini kwa sababu ni magonjwa ninayoyajua. Nimewahi kuzibua jeti ya kabureta, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli, kwa unyuzi mmoja niliouchomoa kwenye waya wa breki ya baiskeli, nimepiga magoti kando ya barabara, koleo mdomoni. Taka iliyotulia chini ya tangi haikusumbui gari likiwa limesimama. Likianza kurukaruka, taka inapanda na kuingia kwenye bomba.

Ila kilichonivutia zaidi mimi ni breki. Zilikuwa vipande vya mbao. Ukiteremka mlima umekandamiza mbao, inapata moto, inalika, mwisho inateleza tu. Mama yule hakungoja kurudi kwa mumewe, alimwendea fundi viatu akampigilia ngozi juu ya mbao. Hebu fikiria fundi viatu analetewa gari! Lakini wazo ni lile lile la leo: kipande kinachosugua kiwe cha kulika, ukibadilishe, breki yenyewe ibaki. Na mlima ndio ulioonyesha hitaji hilo.

Mlima huo huo ukaumbua gia. Zilikuwa mbili, hazikutosha kupandia, watoto wakawa wanashuka kusukuma. Baada ya safari Benz akaongeza gia ya nguvu. Mnyororo nao ulilegea ukahitaji mkono wa mhunzi. Maji ya kupozea yalikuwa yakichemka na kuondoka kama mvuke, kwa hiyo kila penye maji ilibidi kusimama na kuongeza. Mafuta yalipopungua, katika mji wa Wiesloch, aliyanunua duka la dawa, kwa kuwa ligroini, yaani yale mafuta mepesi ya gari hilo, ilikuwa ikiuzwa huko kama dawa ya madoa. Jioni akafika, akampelekea mumewe simu ya maandishi.

Mwambie mwenzako pia habari ya Rolls-Royce ya mwaka 1907, ile Silver Ghost. Ilipelekwa majaribio ya maili 15,000. Ilipofika maili 629 ikazima. Unadhani ni pistoni? Beringi? Koki ya petroli ilikuwa imejifunga yenyewe kwa mtikisiko! Wakaifungua, na maili zote zilizobaki gari halikusimama tena kwa hitilafu. Karakanani ungeipigisha injini ile mwezi mzima na koki isingesogea, kwa sababu hakuna mashimo ya barabara humo ndani.

Kwa hiyo mkimaliza kazi msiishie kusikiliza mlio. Litoeni, tafuteni mlima na sehemu mbovu, mwende kilomita 20 hivi redio imezimwa. Mkirudi, kabla ya kunawa, sogezeni mgongo wa mkono taratibu karibu na vitovu vya magurudumu, kimoja kimoja. Chenye moto kuliko wenzake, fungueni hicho kwanza.