Kabla hujapika chakula cha Warumi wa kale, fungua makopo yako ya viungo

Ukitaja chakula cha Warumi wa kale, wengi hufikiria karamu za makaizari: ndege heroe mzima kwenye sinia, panya wa porini walionenepeshwa, matajiri wamejilaza huku watumwa wakiwamiminia divai. Hayo yalikuwepo, kwa wachache. Anayeniuliza aanzie wapi humwambia aachane na karamu, aende jikoni kwake aangalie viungo alivyonavyo. Kama unapika pilau na mchuzi wa pwani, safari yako ni fupi kuliko unavyodhani.

Chukua kuku wa Numidia, nchi iliyokuwa sehemu ambayo leo ni Algeria na kipande cha Tunisia. Pishi hili limo katika mkusanyo wa mapishi wa Kilatini unaojulikana kwa jina la Apicius. Linataka pilipili manga, bizari nyembamba, mbegu za giligilani, mvuje, tende, kokwa za msonobari, siki, asali, mafuta ya zeituni na maji ya samaki yaliyochachushwa. Ukitoa hicho cha mwisho na zile kokwa, duka lolote la viungo Mombasa au Unguja litakutosheleza. Na si ajabu: pilipili manga yao ilitoka pwani ya Malabar, India, kwa jahazi zilizofuata pepo za msimu. Mwongozo wa wafanyabiashara wa karne ya 1, ulioandikwa kwa Kigiriki, unaitaja pwani yetu pia, hadi soko la Rhapta, na kusema kwamba wafanyabiashara walileta divai na ngano sehemu nyingine si kwa kuuza bali kuwaridhisha wenyeji. Hongo ya zamani hiyo!

Sasa sheria moja ambayo sitaki uivunje. Toa jikoni kila kilichotoka bara la Amerika, kwa sababu Warumi hawakukijua. Nyanya nje. Pilipili kali nje, hoho nje. Viazi, mahindi, muhogo, maharage, karanga, hata korosho. Sukari nayo weka kando, tumia asali. Kunde zinabaki, adesi zinabaki, vitunguu saumu vinabaki. Mtu anayenionyesha "mchuzi wa Kirumi" uliojaa nyanya ananipikia Italia ya juzi tu.

Tatizo la Apicius ni kwamba vipimo ni haba mno. Anakwambia saga hiki, mimina kile, ikichemka ifanye nzito kwa wanga, basi. Mapishi haya aliandikiwa mpishi anayejua kazi, na wapishi hao mara nyingi walikuwa watumwa. Kwa hiyo pima kwa ulimi. Unatafuta vitu vinne vinavyovutana: chumvi ya samaki, uchachu wa siki, utamu wa asali au tende, na ukali wa pilipili manga. Kimoja kikizidi, ongeza mwenzake kidogo kidogo.

Yale maji ya samaki ndiyo yanayowatisha watu. Warumi waliyaita garum au liquamen. Samaki na matumbo yao walilazwa kwenye chumvi nyingi, wakaachwa juani kwa wiki kadhaa mpaka miezi. Kulikuwa na viwanda vizima. Mabirika yake bado yanaonekana Baelo Claudia, kusini mwa Hispania, na huko Pompeii, Italia, tajiri mmoja wa biashara hiyo, Aulus Umbricius Scaurus, alitengenezewa sakafu ya vijiwe vya rangi yenye picha za chupa zake za garum. Usijaribu kuchachusha nyumbani kama una majirani. Nunua sosi ya samaki ya Thailand au Vietnam, inakaribiana sana.

Ukiikosa, ipo njia ya mkato, nayo ni ya kale: imo katika Geoponika, mkusanyo wa Kigiriki wa mambo ya kilimo. Koroga chumvi kwenye maji mpaka yai bichi lielee. Likizama, chumvi bado. Tia dagaa wabichi na oregano kavu, chemsha kwa moto mzuri. Utaona dagaa wanalegea, wanavunjika, miiba inabaki chini na maji yanaanza kupungua. Acha yapoe kabisa, kisha chuja kwa kitambaa, rudia mara mbili au tatu mpaka yatakate. Hifadhi kwenye jokofu. Ni ya chumvi kali, kwa hiyo kijiko kimoja kwanza, uonje, na chumvi ya kawaida usiiguse.

Mvuje nao una hadithi yake. Warumi walipenda zaidi silphium, mmea wa Kurene, katika Libya ya leo. Uliisha; Plinius, mwandishi wa Kirumi, anaandika kwamba enzi zake ulipatikana mche mmoja tu, ukapelekwa kwa kaizari Nero. Wakabaki na mvuje wa upande wa Uajemi, huu huu ambao huku wengine wanaujua kwa kufukizia watoto. Apicius ana mbinu ya kuutumia kwa uchumi: uweke kwenye chupa pamoja na kokwa 20 hivi za msonobari, funga, na kila unapopika twanga kokwa chache badala ya mvuje wenyewe, kisha ujazie nyingine. Mimi natumia lozi. Harufu inaingia taratibu na haichukui chakula chote. Chupa iwe na kifuniko cha kubana, la sivyo hata sukari kabatini itanuka.

Haya, kuku. Mchemshe mpaka alainike (wa kienyeji anataka muda), umpake pilipili manga na lozi za mvuje zilizotwangwa, umchome. Kwenye kinu saga kijiko cha chai kimoja kimoja cha pilipili manga, bizari nyembamba na giligilani, ongeza tende tano zisizo na kokwa na konzi ya lozi. Tia siki vijiko vitatu vya chakula, asali kimoja, sosi ya samaki kimoja, mafuta ya zeituni viwili, na kikombe cha supu ya yule kuku. Ikichemka, ifanye nzito kwa unga kidogo wa ngano uliokorogwa kwa maji baridi. Si konfulawa, hayo ni mahindi! Mmwagie kuku, nyunyiza pilipili manga tena. Pishi lenyewe lina pia ruta, jani chungu. Mimi naliacha, na mjamzito asilisogelee.

Mkate wake uwe libum ya Cato, aliyeandika kuhusu shamba yapata mwaka 160 kabla ya Kristo. Huyu alipima: jibini ratili mbili, unga wa ngano ratili moja, yai moja. Ponda jibini laini gramu 300, changanya na unga gramu 150 na yai dogo, finyanga, weka juu ya majani. Cato anaoka mekoni, mkate ukiwa umefunikwa kwa chungu. Aliyewahi kupika mkate wa kumimina kwa kupalia makaa juu na chini ana faida hapa. Makaa yawe machache, moto wa pole.

Divai kwa asiyekunywa isiwe kikwazo. Warumi walichemsha maji ya zabibu yakabaki nusu au theluthi, wakayatumia kutia utamu. Fanya hivyo kwa juisi isiyo na sukari. Columella, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya kilimo, alipendekeza vyombo vya risasi kwa kazi hiyo, na risasi ni sumu, kwa hiyo hapo usimsikilize.

Mwisho tende. Toa kokwa, jaza lozi au pilipili manga iliyosagwa, zigaragaze kwenye chumvi kidogo, kaanga kwenye asali kwa moto mdogo. Asali ikianza kutoa mapovu makubwa, epua. Subiri zipoe kidogo kabla ya kuwapa watoto, maana asali ya moto inaunguza vibaya.