Jibu: Mwislamu kusoma shahada ya uuguzi chuo cha Kikristo

Dada, umeuliza kama chuo cha Kikristo kitakubana kwa sababu wewe ni Mwislamu, ukienda kusomea shahada ya uuguzi. Vyuo vingi vya aina hiyo hupokea watu wa dini zote, lakini soma kanuni za mwenendo kabla ya kusaini. Vingine hulazimisha ibada ya katikati ya wiki na somo la Biblia lenye maksi kama masomo mengine. Hijabu iulizie mapema, na mikono mirefu pia: hospitali nyingi hutaka mkono uwe wazi chini ya kiwiko, usivae hata saa, ili unawe vizuri kati ya mgonjwa na mgonjwa. Hilo ni suala la maambukizi, si la dini.

Masomo yenyewe, kama anatomia (muundo wa mwili) na famakolojia (elimu ya dawa), ni yaleyale popote. (Florence Nightingale mwenyewe, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, alifunzwa na mashemasi wa kike wa Kiprotestanti, Kaiserswerth, Ujerumani, mwaka 1851.)

Mimi ningehangaikia zaidi ithibati. Kama baraza la wauguzi la nchi unakotaka kufanya kazi haliitambui programu hiyo, leseni itakuwa shida. Waulize pia mafunzo ya vitendo yanafanyika hospitali gani.