Kabla Hujamwambia Tajiri Anunue Mashine Mpya za Kaunta

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kuhudumia mashine za mauzo hapa Mwanza, swali utakaloulizwa kila duka ni moja: "Fundi, hizi tuzifufue au tununue nyingine?" Utaulizwa ukiwa bado umesimama mlangoni, bisibisi iko mfukoni. Usijibu siku hiyo. Omba kiti, ukae nyuma ya keshia.

Nenda saa 11 jioni, watu wakitoka kazini, ukiwa na daftari na saa ya simu. Andika sekunde zinazopita tangu skana ilie hadi jina la bidhaa litokee kwenye kioo. Andika risiti inatoka baada ya muda gani, droo ya pesa inafunguka mara ya ngapi. Muulize keshia kwa heshima, maana yeye ndiye anayeijua mashine ile kuliko wewe na tajiri kwa pamoja: "Dada, hiki kitu kinakuudhi wapi?" Dada mmoja alinionyesha kwamba alikuwa akigonga kitufe kilekile mara mbili kila mauzo, miezi mingi, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Niliitwa kwenye duka kubwa la vyakula mjini kati, kaunta 4, na tajiri alishapokea profoma ya mashine mpya. Nilipokaa nikaona bidhaa zinachelewa sekunde 4 hadi 5 kutokea, na kaunta zote zinakwama kwa wakati mmoja. Hapo ndipo nilipopata jibu. Mashine huchakaa kila moja kivyake. Zikisimama zote dakika ileile, ondoka kaunta, nenda ofisini iliko seva, ile kompyuta kuu inayohudumia kaunta zote. Seva yao ilitumia SQL Server Express, programu ya bure ya Microsoft ya kutunza kumbukumbu za mauzo, na katika toleo lao, la kabla ya 2025, hifadhidata moja haiwezi kuzidi GB 10. Ya kwao ilikuwa imeshapita 9. Ikijaa, mauzo mapya hayaingii, hata kama kaunta zimenunuliwa jana. Tulihamishia mauzo ya miaka ya nyuma kwenye hifadhidata ya pembeni, na asubuhi yake bidhaa ikawa inatokea papo hapo. Tulihamisha, hatukufuta. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe miaka 5, na afisa wa TRA, mamlaka ya mapato, akizitaka, ni tajiri atakayesimama mbele yake, siyo wewe.

Ukishaona tatizo liko kwenye mashine yenyewe, ifungue. Maduka ya Kirumba na yale ya karibu na maji yana mambo yake. Ule moshi mweusi unaouona ukisimama juu ya ziwa ni wadudu, na usiku wanafuata taa hadi ndani ya duka. Nimewahi kutoa feni ya mashine iliyokuwa imezibwa nao, wamekauka na kushikana na vumbi kama mkeka. Mashine ilikuwa inajizima kila mchana, na mwenyewe alishaiita mbovu. Ilihitaji brashi na gundi mpya ya joto juu ya prosesa, basi.

Diski ya zamani inayozunguka ibadilishe uweke SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Hakuna matengenezo mengine yanayoifufua mashine kwa gharama ndogo namna hiyo. Ongeza ramu kama ni GB 2. Tarehe ikirudi nyuma kila umeme ukikatika, badilisha kile kibetri cha duara cha CR2032, maana risiti yenye tarehe ya uongo ni balaa. Na ipime UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika. Mashine nyingi nilizozikuta zimekufa ziliuawa na umeme unaopanda na kushuka huku betri ya UPS ikiwa imechoka siku nyingi. Ukiweka mashine mpya juu ya UPS ileile, mwakani utaitwa tena.

Kuna yasiyofufuka. Kapasita za ubao mkuu zikishavimba, au kioo cha kugusa kikiwa hakisikii kidole upande mmoja na spea yake haipatikani, mimi huwa sihangaiki. Kubwa zaidi ni mfumo endeshi. Windows 10 ya kawaida iliacha kupewa matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 ya kawaida inataka TPM 2.0, kile kijichipu cha usalama, pamoja na prosesa ya karibuni, kwa Intel kwa kawaida kizazi cha 8 au zaidi, ambavyo mashine nyingi za kaunta za zamani hazina. Lakini kabla hujamtisha mtu kwa tarehe hiyo, andika neno winver kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, usome toleo. Mashine zilizotengenezwa mahsusi kwa kaunta huenda zina Windows 10 IoT Enterprise LTSC 2021, na hiyo inahudumiwa hadi Januari 2032. Tofauti ya mstari mmoja kwenye kioo inaweza kumwokolea mtu mtaji wa msimu mzima.

Sasa nikwambie kosa langu, kwa sababu liliniuma. Niliwahi kushauri duka libadilishe kaunta zote kwa pamoja, nikapima kasi, nikapima ukubwa wa kioo, sikupima matundu. Mzani na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, vilitumia lile tundu la zamani lenye pini 9. Mashine mpya zilikuwa na matundu ya USB peke yake. Asubuhi ya kufungua tulihangaika na adapta zinazoachia kila baada ya dakika chache, foleni imefika mlangoni, mama mmoja ameshika maziwa ya mtoto anasubiri risiti. Aliyaacha juu ya kaunta akaondoka. Tangu siku ile, kabla ya profoma, napiga picha ya mgongo wa kila mashine na kila waya unaoingia.

Siku hizi nabadilisha kaunta moja kwanza, iende mwezi mzima, ndipo zifuate nyingine. Ile ya zamani iliyotoka inabaki stoo kama spea, maana kifaa cha kutoka Dar, hata kikipanda basi leo, hakitakuokoa leo. Sigusi chochote Desemba wala wiki ya Idi. Mashine isiyohitajika tena nafuta diski yake kabisa kabla haijauzwa. Mle ndani kuna mauzo ya watu na majina ya wanaodaiwa.

Mwezi ukiisha, rudi ukae kwenye kiti kilekile, saa 11 ileile, na daftari lilelile, uandike sekunde upya pembeni ya zile za mwanzo. Ukurasa huo ndio unaompelekea tajiri kabla hajalipia kaunta ya pili.