Nikiomba sindano leba, nitakuwa nimeshindwa?

*Shangazi, shikamoo. Nina mimba ya kwanza, wiki ya 34. Mkunga ameniambia nianze kufikiria kama nitataka dawa ya kutuliza uchungu nikiwa leba, na tangu siku hiyo sina amani. Mama mkwe kazaa watoto sita bila hata kidonge, na anasema anayechomwa sindano hajazaa, kazalishwa. Dada yangu alichomwa ile ya mgongo na anasema hata kesho angerudia. Wifi ananitisha kwamba nitapooza, au mgongo utaniuma hadi uzeeni, na kwamba ukishachomwa tu lazima utapasuliwa. Mume wangu nikimuuliza ananijibu, "Amua wewe, mwili ni wako." Naogopa maumivu, Shangazi, sitaki kukudanganya. Lakini naogopa zaidi kusemwa maisha yangu yote. Niamue nini? – Njia Panda*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kufika wiki ya 34.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikaanza kuhesabu watu: mkunga, mama mkwe, dada, wifi, mume. Watano, na kila mmoja ana lake. Wewe utakayelala kwenye kile kitanda umejipa sentensi moja tu, kwamba unaogopa maumivu, na hata hiyo umeitoa kama mtu anayeungama. Huna cha kuungama. Wapo wachache ambao leba huwapitia kwa wepesi, Mungu awazidishie, lakini wengi wetu hatujawahi kuumwa vile kabla wala baada. Kuogopa kitu hicho ni akili timamu.

Nikiisoma barua vizuri, naona umefunga maswali mawili kwenye fundo moja. La kwanza ni la mwili: uchungu utatulizwaje, na kila njia ina madhara gani kwako na kwa mtoto? Hilo lina majibu. La pili ni utasemwaje. Hilo halina dawa hospitalini, kwa hiyo nilitoe njiani kwanza.

Mama mkwe wako mheshimu. Watoto sita si mchezo. Ila siku mkikaa vizuri muulize taratibu: mama, wakati ule dawa ilikuwepo ukaikataa, au haikuwepo? Nimewauliza wengi wa rika lake. Mara nyingi hunyamaza kwanza, halafu hutoka hadithi ambayo hata watoto wao hawajawahi kuisikia. Kukosa njia si kuchagua. Na huyo dada yako ambaye hata kesho angerudia, naye ana mwili wake na siku yake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Wanaosema uchungu ni wajibu wa mwanamke hawakuanza jana. Mwaka 1847, daktari wa Uskoti aitwaye James Young Simpson alipoanza kuwapa wazazi etha, kisha klorofomu, dawa za kunusa za kuondoa uchungu, walikuwepo waliomkumbusha aya ya Mwanzo, "kwa utungu utazaa watoto". Naye akawajibu kwa kitabu hicho hicho: Mungu alipotaka kumtoa Adamu ubavu, alimtia kwanza usingizi mzito. Miaka sita baadaye, mwaka 1853, Malkia Victoria wa Uingereza alijifungua mtoto wake wa nane huku daktari John Snow akimnusisha klorofomu iliyodondoshewa kwenye leso. Sijasikia aliyemwambia malkia kwamba hakuzaa, alizalishwa. Na Bibi Maryam, uchungu ulipompeleka kwenye shina la mtende, alitamani laiti angekufa kabla ya hayo. Hakukemewa kwa kulalamika. Aliambiwa asihuzunike, akapewa maji na tende.

Haya, turudi kwenye mwili.

Unaongea kana kwamba kuna mambo mawili tu, sindano ya mgongo au kuuma meno. Katikati pana mengi. Kuna kutembea, kubadili mikao, maji ya moto kiasi mwilini, kitambaa chenye joto kiunoni. Na kuna mikono ya mtu. Mkunga mzoefu hukaza kitako cha kiganja chake pale chini kabisa ya mgongo, karibu na makalio, na kusukuma kwa uzito wake wote wakati uchungu unapanda. Asiyejua atadhani anakuumiza. Mimi niliushika mkono wake asiutoe. Tena utafiti umeonyesha kwamba mzazi mwenye mtu wa kukaa naye leba muda wote huhitaji dawa kidogo zaidi, leba yake huwa fupi zaidi, na hupasuliwa mara chache zaidi. Kwa hiyo nani atakaa nawe ni sehemu ya swali lako, ingawa hukuliuliza.

Kuna gesi, mchanganyiko nusu kwa nusu wa oksijeni na naitrasi oksaidi, unayoivuta mwenyewe kwa kifaa unachokishika mkononi. Haiondoi uchungu, inaupunguza makali na kukulegeza kidogo, na ukiacha kuivuta inakutoka baada ya dakika chache. Siri yake ni moja: huchukua kama nusu dakika kufanya kazi, kwa hiyo anza kuvuta uchungu unapobisha hodi. Ukisubiri hadi ufike kileleni, nafuu itakukuta uchungu umekwisha ondoka. Wengi wanaosema gesi haikuwasaidia kitu walichelewa hapo.

Kuna sindano ya pajani au ya makalio, kama pethidini. Hushika baada ya nusu saa hivi na kukaa saa mbili hadi nne. Inasinziza, inaweza kukutapisha, na humfikia mtoto kupitia kondo. Akizaliwa muda mfupi baada ya wewe kuchomwa, anaweza kuwa mzito wa kupumua au wa kunyonya mwanzoni, ndiyo maana mkunga hupima kwanza umefika wapi kabla ya kukuchoma.

Halafu hiyo ya mgongo yenyewe, epidurali, inayokunyima usingizi. Unakaa ukingoni mwa kitanda au unalala ubavu, unajikunja, kidevu kifuani, mgongo umetuna kama wa paka aliyekasirika. Unapakwa dawa ya baridi inayokushtua. Unachomwa ganzi ndogo ya ngozi, kisha daktari wa usingizi anapitisha sindano kiunoni na kuacha humo mrija mwembamba sana. Sindano inatolewa. Kinachobaki ni mrija, unaobandikwa kwa plasta hadi begani, na dawa hupitia hapo kila inapohitajika. Kazi yenyewe huchukua kama dakika 20, na dakika nyingine 20 hivi kabla hujapoa. Kigumu ni kutulia tuli wakati uchungu unakuja. Mwambie daktari unakuja, atasubiri.

Wifi yako sasa. Kupooza: miguu inaweza kuwa mizito au kufa ganzi kwa saa kadhaa, na hiyo inatarajiwa. Madhara ya kudumu ya neva ni nadra sana. Sindano huingia chini ya pale neva kuu ya mgongo inapoishia, na dawa hukaa nje ya utando unaoifunika. Maumivu ya mgongo hadi uzeeni: wanawake wengi huumwa mgongo baada ya kuzaa, waliochomwa na wasiochomwa, na walipolinganishwa, epidurali haikuonekana kuwa chanzo cha maumivu ya muda mrefu. Palipochomwa panaweza kuuma siku chache. Upasuaji: hapana, tafiti hazikuona kwamba inaongeza upasuaji. Inachoweza kufanya ni kurefusha ile hatua ya kusukuma, na zamani, dawa ilipokuwa inatiwa nyingi, waliovutiwa mtoto kwa vakyumu au koleo waliongezeka. Dozi za siku hizi ni ndogo, na tatizo hilo limepungua.

Ajabu ni kwamba wifi amekutisha kwa yasiyo na akaacha yaliyopo. Presha yako inaweza kushuka, ndiyo maana utawekewa dripu na kupimwa mara kwa mara. Mwili unaweza kuwasha, au homa ikapanda. Huenda usihisi mkojo, ukawekewa mpira. Mtoto atafuatiliwa mapigo ya moyo kwa mashine, na pengine hutaweza kutembea. Takriban mzazi mmoja kati ya 100 hupata kichwa kikali kinachozidi akikaa au kusimama, na kina matibabu yake. Takriban mmoja kati ya 10 haimtulizi sawasawa, ikabidi irekebishwe au atafutiwe njia nyingine. Na si kila mtu anaweza kuchomwa: mwenye tatizo la kuganda kwa damu, anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, mwenye maambukizi pale pa kuchomwa. Kama una lolote kati ya hayo, au umewahi kufanyiwa upasuaji wa mgongo, liseme kliniki sasa, usingoje siku ya leba.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linapendekeza epidurali kwa mzazi mwenye afya njema anayeomba kutulizwa uchungu, kulingana na anavyopenda mwenyewe. Anavyopenda yeye. Wifi hakutajwa.

Kabla ya yote hayo, lakini, nenda kaulize hospitali utakayojifungulia: epidurali ipo? Daktari wa usingizi yupo usiku na siku za mapumziko, au huitwa kutoka nyumbani? Gesi ipo? Huenda mnagombana na wifi kwa sababu ya sindano ambayo hospitali yako haina. Na kama ipo, uliza usichelewe kuomba hadi lini, maana ukifika mlango wa kizazi umefunguka sentimita tisa na mtoto ana haraka, anaweza kutoka kabla dawa haijashika.

Mimi nimezaa mara mbili. Mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza chochote, nami sikujua kwamba kuna cha kuomba. Nilizaa salama. Nilichobaki nacho si fahari, ni kumbukumbu ya muuguzi aliyeniambia nisipige kelele nitawaamsha wenzangu. Mara ya pili nilikwenda nimejiapiza sitachomwa, niliweza ya kwanza nitaweza na hii. Lakini uchungu ule ulianzishwa kwa dripu, na mtoto alikuwa ameelekeza uso mbele, kisogo chake kikinikandamiza mgongo. Hayo mawili mara nyingi huifanya leba kuwa kali zaidi, nami sikuyajua wakati naapa. Nilichomwa. Nikalala saa mbili, nikaamka, nikasukuma, nikamwona mwanangu kwa macho makavu. Watoto wote wawili ni wazima, na hakuna kati yao aliyewahi kuniuliza.

Kwa hiyo unaponiambia "niamue nini", jibu langu ni kwamba usiape. Uamuzi wa leo ufanye uwe wa kuanzia: ungependa kuanza na nini, na jambo gani likitokea utapanda ngazi. Mfano: nitaanza na maji, kutembea na gesi, nikianzishiwa uchungu kwa dripu, au nikikaa muda mrefu bila kusonga mbele nimechoka, nitaomba epidurali. Au kinyume chake: nataka epidurali mapema, na ikikosekana nitatumia gesi. Zote ni sawa mbele yangu. Mpe mkunga aandike kwenye faili lako, na nakala iwe juu kabisa kwenye begi, isije ikatafutwa chini ya nguo za mtoto. Ukibadili mawazo katikati, umebadili mawazo. Una haki hiyo hadi dakika ya mwisho, kwa upande wowote, na mkunga ukimwomba dawa moja kwa moja, ombi ni ombi.

Mama mkwe si lazima ajue kilichomo kwenye karatasi. Yaliyotokea leba ni siri yako na unaowapenda.

Mumeo ndiye ninayemtaka. "Amua wewe" ni jibu zuri la mtu aliyekaa sebuleni. Leba kuna saa ambayo hutaweza kuunganisha maneno matatu, na hapo atatakiwa aseme yeye kile mlichokubaliana. Mkae mkubaliane neno moja la siri, ambalo huwezi kulitoa mdomoni kwa bahati mbaya. Ukilalamika, ukilia, ukisema hutaki tena kuzaa, yeye akukande mgongo na kukuhesabia pumzi, kwa sababu kulalamika ni sehemu ya kazi. Ukilitaja lile neno, aende kumwita mkunga papo hapo, asikuulize mara ya pili kama una hakika.

Letu lilikuwa "jenereta". Nililitamka saa tisa na nusu usiku.