Kwa mnaoanza kufuatilia tiba ya raia waliozingirwa

Wadogo zangu mlioripoti juzi, wengi mmetoka darasani mnaijua dawa kwa jina, dozi na tarehe ya kuisha muda. Huku kuna swali linalotangulia hayo. Ukisikia hospitali imefungiwa njia, uliza kwanza dizeli imebaki ya siku ngapi.

Hapa Dar umeme ukikatika, jenereta inaunguruma, na mafuta yakipungua dereva anatumwa kituoni. Tumezoea, hatulioni. Gaza, iliyofungiwa njia tangu 2007, dereva hana pa kutumwa. Novemba 2023 hospitali ya Al-Shifa iliishiwa umeme, watoto njiti wakatolewa kwenye mashine za joto. Tarehe 19 watoto 31 walihamishiwa kusini, na kesho yake 28 wakavushwa Misri. Shehena ya dawa peke yake isingewafaa kitu.

Mgonjwa wa figo ndiye atakayewafundisha kazi. Kwa kawaida husafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara kama saa nne, na kila mara mashine inakunywa zaidi ya lita mia moja za maji yaliyochujwa. Kwa hiyo anahitaji umeme, maji, vichujio, mirija, fundi na spea. Kimoja kikikosekana, vingine vinakaa tu stoo. Hospitali huanza kupunguza: mara mbili badala ya tatu, saa chache badala ya nne. Akifa, hayumo kwenye hesabu ya majeruhi wa mabomu. Wa kisukari naye vivyo hivyo; insulini ya akiba inataka nyuzi 2 hadi 8, na friji nayo inataka umeme.

Sheria msomeni wenyewe: Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, ibara ya 23. Inataka dawa na vifaa vya hospitali vya raia viruhusiwe kupita, ila kwa masharti, na masharti hayo ndiyo hubishaniwa getini. Dizeli haikutajwa humo. (Wazee wanaoikumbuka Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria na ambalo Tanzania ililitambua Aprili 13, 1968, watawaambia ndege za misaada zilikuwa zikitua kwenye kiwanja cha Uli usiku, kwa kificho, na mkataba huo ulikuwepo.)

Msisahau mishahara. Wakati wa vita vya Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, benki zilifungwa, na wahudumu wa hospitali ya Ayder, Mekelle, walikaa miezi bila malipo huku wakifua glavu ili zitumike tena. Fomu zetu hazina safu ya mshahara. Ichoreni kwa mkono.

Halafu kuna mgonjwa anayetakiwa kutoka. Gaza haikuwa na tiba ya mionzi hata kabla ya vita vya 2023. Mwenye saratani aliomba kibali ili akatibiwe nje, na kibali kiliweza kuja miadi imeshapita. Kwa hiyo msiniandikie “rufaa imetolewa” mkaishia hapo. Nataka tarehe ya miadi, tarehe ya kibali, na kama aliyeruhusiwa kumsindikiza ni mama yake au hakuna.