Kabla ya Kununua Taroti, Omba Uonyeshwe Kopa Tano

Msomaji mmoja wa Kisauni ameniandikia juzi: "Dadangu, nimeona jozi ya taroti mtandaoni, picha zang'aa ajabu na bei ni robo ya zingine. Jamaa asema ataileta kwa boda leo jioni. Niichukue?" Akaniambatishia picha nne alizotumiwa na muuzaji: Nyota, Mwezi, Jua na Dunia. Nikamuuliza swali moja tu: kopa tano imechorwa vipi? Hakujua. Alipomuuliza muuzaji, muuzaji akanyamaza.

Swali hilo la kununua taroti, karata za picha ambazo watu huzitumia kutazamia, naulizwa kila wiki, mara kwa jozi ya dhahabu, mara kwa jozi ya picha za paka, kwa hivyo najibu hapa mara moja.

Jozi ya taroti ina karata 78. Kati ya hizo, 22 ni turufu, zile zenye majina makubwa: Mpumbavu, Gurudumu la Bahati, Mauti, Mnara na wenzao. Zilizobaki ni 56, makundi manne ya karata 14, na makundi hayo mtu wa Mombasa hahitaji kufundishwa. Ni kopa, uru, pau na shupaza. Majina tumeyapata kwa Wareno, hawa hawa walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Kwao copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, paus ni magongo na espadas ni panga. Barazani twashika karata yenye moyo mwekundu, twaiita kopa na hatujiulizi kikombe kiko wapi. Kwenye taroti kikombe kipo. Kopa ni vikombe kweli, uru ni sarafu, pau ni magongo, shupaza ni panga. Hata turufu yenyewe ni trunfo ya Kireno, jamaa ya trionfi, jina walilotumia Waitaliano miaka ya 1440 karata hizi zilipoanza kuonekana. Wakati huo zilikuwa mchezo tu. Habari za kutazamia zilishika Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18.

Tofauti na karata za barazani ni kwamba kila kundi lina watu wanne badala ya watatu: kati ya ghulamu na bibi kuna mpanda farasi. Basi. Wauzaji wengi huita kila karata yenye picha taroti, kwa hivyo uliza idadi kwanza. Ukijibiwa 36, huenda ni Lenormand, aina nyingine ya karata za kutazamia. Ukijibiwa 44 au 52 au namba nyingine iliyo mbali na 78, mara nyingi ni karata za maono ambazo kila mchoraji hujipangia zake, na kitabu cha taroti hakitakusaidia kuzisoma.

Sasa kopa tano. Toa turufu 22, toa watu 16, zinabaki karata 40 za namba, kutoka ree hadi kumi. Ni zaidi ya nusu ya jozi. Ukitandaza karata kumi, kwa wastani tano zitakuwa za namba. Lakini kwenye tangazo huzioni kamwe, kwa sababu turufu ndizo zinazouza. Wako wachoraji wanaomaliza nguvu zote kwenye Nyota na Mwezi, wakifika kwenye namba wanapanga vikombe vitano kama vya duka la vyombo Marikiti, na kopa sita ni hivyo hivyo, kimeongezwa kimoja.

Tazama kopa tano ya mchoraji Pamela Colman Smith, katika jozi iliyotolewa London na mchapishaji William Rider mwezi Desemba 1909 kwa maelekezo ya mwandishi A. E. Waite. Mtu amejifunika joho jeusi, kichwa kimeinama. Mbele yake vikombe vitatu vimepinduka na kumwaga. Nyuma yake viwili vimesimama wima, hajageuka kuviona. Mbali kidogo kuna mto, na daraja la kuuvuka. Hata anayeshika taroti kwa mara ya kwanza ataweza kusema kitu bila kufungua kitabu. Jozi za Marseille, zile za Kifaransa za kale, zina vikombe vitano na maua, hakuna mtu. Huo si ubovu. Msomaji wa Marseille husoma namba pamoja na kundi, na yuko anayeipenda kwa sababu hiyo hiyo. Ila ukiinunua ukidhani utasoma picha, utaifungia kabatini kabla ya mwezi kwisha.

Kwa hivyo mwambie muuzaji akupige picha karata nne: kopa tano, uru nane, pau kumi na shupaza tatu. Katika mtindo wa Smith, uru nane ni fundi kwenye benchi akichonga sarafu kwa nyundo, pau kumi ni mtu aliyekumbatia mzigo wa magongo hadi umemziba uso, shupaza tatu ni moyo uliochomwa na panga tatu chini ya mvua. Jozi nyingi za kisasa hufuata mifano hiyo kwa sura mpya, na vitabu vingi vya wanaoanza vimeandikwa kwa ajili yake. Ukiona picha hizo zina watu na vitendo, endelea na mazungumzo. Ukiona mapambo matupu, ujue unanunua nini.

Angalia na namba za turufu mbili, Nguvu na Haki. Kwa jozi hiyo ya Waite na Smith, Nguvu ni 8 na Haki ni 11. Kwa Marseille ni kinyume chake. Ukichukua jozi ya upande mmoja na kitabu cha upande wa pili, utakuwa unasoma Haki mahali pa Nguvu na hutajua umepotelea wapi. Jozi iitwayo Thoth, ya Aleister Crowley, iliyochorwa na Frieda Harris, ni balaa zaidi kwa anayeanza: baadhi ya turufu zimebadilishwa majina, mfalme hayumo, na kila karata ya namba kuanzia mbili imepigwa neno la Kiingereza ambalo likishakuingia kichwani halitoki. Ni jozi nzuri sana. Iwe ya pili.

Saizi watu huidharau. Taroti ya kawaida ni milimita 70 kwa 120, wakati karata za kuchezea ni kama 63 kwa 88. Kata kipande cha kadibodi kwa vipimo vya taroti, kishike kwa mkono mmoja, kisha ufikirie 78 zake zikiwa bunda la unene wa sentimita mbili na nusu hadi tatu. Mwenye kiganja kidogo hawezi kuchanga bunda hilo kama anavyochanga za barazani, zitamwagika. Huyo na atafute saizi ndogo. Pima na mahali pa kutandazia. Mpangilio wa karata kumi uitwao msalaba wa Kelti una safu ya karata nne zilizosimama, hiyo peke yake ni sentimita 48 bila nafasi katikati, na upana wake, ukiacha nafasi kidogo kati ya karata, ni kama 40. Stuli ya chai haitoshi, utaishia chini kwenye mkeka.

Tuje kwenye karatasi, na hapa ushauri unaotoka nchi za baridi hautufai. Karatasi hunywa maji ya hewani, na hewa ya Mombasa ina maji mwaka mzima, wakati wa masika ndio usiseme. Karata ikiwa imepakwa plastiki au vanishi nzito upande mmoja kuliko wa pili, upande mwepesi hunywa zaidi, nyuzi zake zinavimba, na karata inapinda kama vigae. Ukiwa na chumba cha kiyoyozi na sebule isiyo nacho, ndiyo mbaya zaidi, maana zinavimba na kusinyaa kila siku.

Uliza uzito wa karatasi. Ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita mraba. Karata ya kufaa ni 300 hadi 350. Chini ya hapo inavunjika pembe upesi, juu ya 400 inakuwa kama kadi ya mwaliko wa harusi na haichangiki. Kuhusu uso wake, ule unaong'aa sana hugandana na vidole vyenye jasho. Ule laini kama ngozi ya pichi unapendeza siku ya kwanza, halafu unanyonya mafuta ya mkono na kuweka alama nyeusi pembeni. Unaovumilia huku kwetu ni ule wenye vishimo vidogo vidogo kama kitambaa cha kitani, kwa sababu hewa hupita kati ya karata na karata, nazo zinateleza. Kingo za dhahabu mimi sizipendekezi hata kidogo. Zikitoka kiwandani zimegandana, lazima uzibandue moja moja, na kwa unyevu huu zinaanza kubanduka na kukuachia vumbi la dhahabu mkononi.

Boksi gumu lenye kifuniko ni bora kuliko pakiti ya kukunja, ambayo mdomo wake huchanika mapema. Lakini boksi la bati, ambalo baadhi ya jozi ndogo huuzwa nalo, usilichague ukikaa karibu na bahari. Hewa ya chumvi ya Nyali hulipiga kutu, na kutu huhamia kwenye karata. Kwa vyovyote, karata zikae ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, zifungwe kwenye kipande cha kanga kuukuu, pamoja na vile vifuko viwili vitatu vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Zikishapinda, geuza nusu ya bunda zitazame upande wa pili, weka kitabu kizito juu na uziache usiku mmoja au mbili. Na yule anayekuambia ukalaze karata nje usiku zioshwe na mwezi, muulize kama umande ameusikia.

Bei ya robo aliyotajiwa msomaji wangu ina maana yake. Jozi halali za mashirika makubwa huko nje huwa kama dola 20 hadi 30, na zikiagizwa huja juu yake nauli, ushuru na VAT ya asilimia 16. Ikifikishwa Kisauni kwa robo ya hapo, ujue ni nakala ya wizi. Dalili zake ni hizi: hakuna kitabu ndani bali alama ya kuskani kwa simu, maandishi madogo yamefifia, fremu imekatwa upande mmoja zaidi ya mwingine, wino unanuka ukifungua. Mwambie muuzaji akupige picha ubavu wa boksi, ionekane jina la mchapishaji na namba ya ISBN, kisha uitafute namba hiyo mwenyewe. Michoro ya Smith ya 1909 ni kesi nyingine. Alifariki 1951, na hata Uingereza hakimiliki yake imekwisha tangu mwanzo wa 2022, kwa hivyo mtu anaweza kuichapisha kwa bei rahisi bila kuiba. Hapo kagua ubora tu. Mchoraji aliye hai ndiye anayeibiwa, na wanaomwibia wananiudhi.

Mgongo wa karata nao una neno. Ukikusudia kusoma zilizopinduka, yaani karata zinazotoka kichwa chini na kupewa maana yake tofauti, mchoro wa nyuma lazima uwe sawa juu na chini, la sivyo utajua iliyopinduka kabla hujaifunua.

Kama unakaa nyumba ya ukoo, jua kwamba katika jozi ya Smith turufu sita zina watu walio uchi: Wapendanao, Shetani, Nyota, Jua, Hukumu na Dunia. Mauti ni mifupa juu ya farasi mweupe. Mama mkwe akiingia bila kubisha, maelezo yatakuwa marefu. Ziko jozi ambazo watu wamevaa. (Ambaye dini yake imeufunga mlango huu wote, simshawishi.) Lakini ule uvumi kwamba taroti ya kwanza lazima upewe zawadi hauna asili yoyote. Jinunulie.

Boda akifika, usitume pesa kwa M-Pesa kabla ya kuhesabu. Panga mafungu matano: turufu, kopa, uru, pau, shupaza. La kwanza liwe 22, mengine 14 kila moja. Karata mbili tatu za matangazo zikizidi si neno. Pitia kila fungu kwa mpangilio, kwa sababu kosa la kiwandani mara nyingi halipunguzi idadi, linarudia karata. Ukikuta uru saba mbili na uru sita haipo, mrudishie papo hapo, injini ikiwa bado inanguruma.