Barua kwa mwanangu aliye njia ya Kisoro

Mwanangu,

Ujumbe wako kutoka Kabale nimeusoma mara tatu. Unasema tangu Kampala unaendesha peke yako, unasimama kila penye mandhari, lakini milima inayokuzidi macho ikiingia kwenye picha za simu inageuka vichuguu. Unaniuliza, "Papa, ni simu yangu mbovu?"

Simu haina kosa. Macho yako yakiuona mlima Muhabura huushika Muhabura na kuyaacha mengine. Lensi ya simu haina upendeleo: inazoa lami, nyasi, nguzo za umeme na nusu ya mbingu, na mlima wa mita 4,127 unabanwa kwenye kipande kidogo katikati. Tafuta kitu ambacho kila mtu anajua kimo chake, nyumba, mgomba, mtu, kisha wewe ndiye urudi nyuma. Rudi hatua mia mbili, tumia ile lensi ya pili inayovuta vya mbali. Nyumba itapungua kwa sababu umeiacha, lakini mlima uko kilometa nyingi, hatua zako hazijaupunguzia kitu. Utaiona nyumba imesimama chini ya ukuta.

Hilo nililijua kabla hujazaliwa, siku nilipompiga mama yako picha pale Munigi, kwa lensi ya kuvuta vya mbali, ya milimita 135. Nilimwambia abaki na beseni lake kichwani, mimi nikarudi nyuma hadi akaanza kulalamika kuwa namwacha. Kwenye picha yeye ni mdogo kama punje, na volkano yetu, Nyiragongo, imejaa nyuma yake. Tarehe 17 Januari 2002 lava yake ilipopita katikati ya mji wetu wa Goma, studio yangu iliungua na filamu zote za miaka kumi na minne. Tulikimbilia Gisenyi, Rwanda, na tulichokuwa nacho mkononi. Picha ile ya Munigi ilikuwa ndani ya kitenge cha mama yako, na ndiyo pekee niliyo nayo ya miaka ile. Milima mitupu niliyoipiga siikumbuki hata moja, mwanangu. Huyo mwanamke na beseni namkumbuka hadi kivuli chake.

Sasa Kanaba. Ndipo barabara inapofika juu kabla ya kuteremka Kisoro, na pale utaona Muhabura, Gahinga na Sabinyo kwa pamoja. Jua la asubuhi linaipiga ubavuni, na mabonde yake yanatoka kwa kivuli. Saa sita jua likiwa utosini utapata rangi moja tu, bapa. Lakini usitoke Kabale gizani ili uwahi! Kona zile si za mtu mmoja usiku. Lala Kisoro, kukipambazuka upande tena hadi Kanaba, uwe umemaliza kabla mawingu hayajafunika vilele. Mvua ikinyesha usiku, ni bahati yako, maana inaosha hewa. Sisi huku Julai vumbi na moshi wa mashamba hutuficha mlima ulio juu ya vichwa vyetu.

Usipige picha ukiendesha, hata mara moja. Toa gari nje kabisa ya lami, mbali na kona. Mtu akiwa shambani, msalimie kwanza, umwombe. Askari, vizuizi na mpaka wa Bunagana, weka simu mfukoni.

Umeniambia pia kwamba huna wa kukupiga, kwa hiyo hutokei kwenye picha hata moja. Hilo ndilo limenikosesha usingizi. Kipimo cha ukubwa unakitafuta barabarani, kumbe umekibeba mwenyewe. Weka simu juu ya boneti, iegemeze kwenye jiwe, weka ile saa ya sekunde kumi ili simu ipige yenyewe. Kimbia usimame mbele, pembeni kidogo, usiitazame lensi ya simu, tazama mlima. Sekunde kumi zikikuishia njiani, rudia, tena na tena.

Saa moja yenu ya asubuhi, huku Goma ni saa kumi na mbili. Nitakuwa nimeamka. Nitumie ile yenye wewe ndani kabla ya zote.

Mama yako anauliza kama umebeba koti, maana Kanaba kuna baridi.

Papa yako